Mfupa Uliorudi, Supu Iliyosingiziwa

Wenzangu wa chumba cha picha, mmenitaka niandike kitu kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu nina hasira ambayo haikustaafu pamoja nami. Vyeo sitavitaja, vilichelewa kuja na havikunifunza lolote. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, na zaidi juu ya taya moja. Nimepiga picha mataya mengi katika jiji hili la London, lakini hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Niliondoka Unguja msichana, miaka michache baada ya Mapinduzi, nikaletwa kwa mama yangu mdogo aliyekwisha kufika huku. Hayo yana hadithi yake, na kila nyumba ya kwetu ina yake. Mimi nilichotaka ni kazi ya ndani, isiyo na mvua. Nikaambiwa kuna mafunzo ya eksirei, chumba hakina dirisha na nusu ya kazi inafanyika gizani. Nikasema hiyo hiyo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Kantibhai, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mkaazi wa Neasden. Aliposikia jina langu ni Salma na kwetu ni Unguja, aliacha Kiingereza pale pale akaanza Kiswahili cha dukani kwa baba yake, kikanichekesha na kutaka kuniliza kwa wakati mmoja. Alinipeleka mbele ya ile mashine inayozunguka kichwa cha mgonjwa na kutoa picha ya taya zima, kutoka sikio hadi sikio. Wakati ule ilikuwa ngeni, na ililia kama cherehani iliyokosa mafuta. Akanisimamisha mimi mahali pa mgonjwa. Ng'ata kijiti hiki. Kidevu hapa. Ulimi ubandike kwenye kaakaa. Akanishika kichwa kwa viganja viwili akakiinamisha kidogo, hadi mstari wa kutoka tundu la sikio kwenda chini ya jicho ukawa sambamba na sakafu.

"Kichwa iko mbaya, picha iko mbaya," alisema. "Halafu daktari anakata mtu bure, kwa sababu ya uvivu yako wewe."

Mashine hakuiwasha. Alitaka tu nijue shingo ya mgonjwa inavyochoka. Hadi leo naona fundi wa picha ambaye hajawahi kusimama pale mwenyewe ana haraka isiyo na adabu.

Alinifunza mengine madogo ambayo hamtayakuta vitabuni. Mwanamke wa kwetu akikwambia amevua pini zote za mtandio, mshukuru, kisha tafuta iliyobaki, maana ipo. Mzee akikataa kutoa meno ya bandia mbele ya mkwewe, mtoe mkwe kwanza. Na usilinganishe picha mbili za mtu mmoja mpaka uwe na yakini kwamba kichwa kilikaa vile vile siku zote mbili. Kichwa kikiinama kidogo tu, taya linaonekana limekua, au limepungua, na wala halijafanya lolote. Kantibhai aliniachia maneno hayo akastaafu, akawa anashinda hekaluni kwao Neasden na kunipigia simu kila Diwali kuuliza kama bado naona pini kwenye picha.

Sasa nije kwa Bwana Patasi. Uingereza daktari wa kawaida anaitwa Daktari, lakini akishapanda akawa bingwa wa upasuaji anarudi kuitwa Bwana, kama kinyozi. Huyu alikuwa bingwa wa mataya katika hospitali yetu, kusini ya mto, na jina la Patasi tulimpa sisi. Mikono yake ilikuwa mizuri, sitamnyima haki yake. Watu waliovunjwa taya barabarani aliwaunganisha wakala nyama. Lakini siku nyingine za juma alikuwa na kliniki ya binafsi mjini kati, na mimi siku moja nilikuwa nakwenda kumpigia picha huko. Huko hawakuja waliovunjika. Walikuja wazima.

Walikuja kuchongwa. Mtu ana taya la mraba, analitaka la duara au lenye ncha. Daktari anapasua ndani ya mdomo ili kovu lisionekane, anaukunjua ule utando mwembamba unaouvika mfupa, anakata pembe ya taya chini ya sikio kwa msumeno mdogo, anasawazisha, anarudisha utando, anashona. Wiki kadhaa uso unafungwa mkanda na mgonjwa anakunywa badala ya kula. Sikuwahi kuipenda kazi ile, ila sikuwa mimi niliyetakiwa kuipenda.

Nasra aliletwa na miguu yake mwenyewe, na nyuma yake mama yake, Bi Zuwena, aliyekuja kumzuia. Nilimjua Bi Zuwena kwa misiba na maulidi, kama tunavyojuana wote huku. Alikuwa mjane, akifanya kazi ya kutunza wazee na kukaa Lewisham karibu na soko. Binti ndiye mtoto wake pekee, amezaliwa hapa, anakielewa Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza. Alikuwa na taya pana la shangazi zake, na shuleni walikuwa wamempa jina la kiume kwa ajili ya taya hilo. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza kumi na minane, umri ambao sheria ya hapa inamwachia mtu afanye anachotaka na mama asiwe na neno.

Bi Zuwena alisema neno hata hivyo. Alisema pale kwenye viti vya kungojea, kwa sauti ya chini, kwamba kama ni mfupa mbovu angekubali ukatwe, lakini huu mzima ukatwe kwa kosa gani? Nasra alimjibu kwa Kiingereza kwamba uso ni wake. Mama alinitazama mimi kama anayeomba msaada. Nilimpiga binti picha, nikamwambia Bwana Patasi kwamba kwa macho yangu mtoto huyu bado anakua. Alinishukuru kwa tabasamu, akasema yeye ndiye atakayeangalia hilo. Akaangalia, akakata.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo jambo lilipozaliwa. Mgonjwa aliporudishwa nyumbani alipewa karatasi ya maelekezo, na karatasi ilisema vyakula vya majimaji tu, supu na maziwa. Mzungu akiandika supu anafikiria kopo la nyanya. Mwanamke wa Unguja akisoma supu, na mwanawe ametoka kukatwa mfupa, kuna supu moja tu anayoijua. Bi Zuwena alikwenda sokoni kwa muuza nyama wa halali akanunua makongoro. Aliyachemsha kutwa nzima hadi yakayeyuka, akatia tangawizi na pilipili manga kiasi, akachuja kwa kitambaa, akamnywesha binti yake kwa kijiko pembeni ya mkanda. Kwetu aliyevunjika mguu anapewa makongoro, aliyezaa anapewa makongoro. Mfupa hujenga mfupa, ndivyo tulivyolelewa. Yule yule aliyekataa mwanawe asikatwe ndiye aliyemuuguza usiku na mchana, na hakuna siku aliyomwambia nilikukataza. Nasra mwenyewe aliniambia alipokuja kutolewa nyuzi, kwa aibu kidogo, kwamba supu ya mama ndiyo iliyomwinua.

Uvimbe ulipokwisha, taya lilikuwa jembamba. Binti alitembea akijitazama katika kila kioo. Sitasema hakufurahi. Alifurahi, na mama akafurahi kwa kuwa mwana amefurahi.

Mwaka wa pili alirudi akasema upande wa kushoto unamwonyesha ndivyo sivyo. Nilimpanga kama nilivyofunzwa, mstari wa sikio na jicho, kidevu, kijiti, ulimi. Picha ilipotoka nikaiweka mbele ya taa pamoja na ile ya mara ya mwisho, na moyo ukaniambia Salma, umemwinamisha kichwa. Nilitamani kosa liwe langu. Nilipima kila kitu, vichwa vilikaa sawasawa. Pembe ya taya ilikuwa imerudi. Kulia imerudi kidogo, kushoto imerudi karibu yote, mfupa mpya wenye rangi hafifu kuliko wa zamani, umejijenga pale pale ulipokatwa. Uso sasa ulikuwa umekwenda upande.

Bwana Patasi alitundika picha zile ukutani, na sote tulikuwa chumbani, mimi, binti na mama yake. Alizitazama kwa muda. Akauliza, kama anayezungumzia hali ya hewa, binti alikuwa anakula nini wakati wa kupona, alitafuna vitu vigumu? Bi Zuwena Kiingereza chake kilitosha, alikwisha kukaa na wazee wa Kiingereza miaka mingi. Akajibu kwa fahari. Alieleza makongoro yote, kutwa jikoni, kitambaa cha kuchujia, kila kitu. Nafikiri alidhani anaulizwa ili asifiwe.

Bwana Patasi alicheka. "Basi ndiyo hiyo," alisema. "Mama, supu yako imenishinda mimi."

Waingereza hutania wanapotahayari, nimewajua, na yule bwana alikuwa ametahayari. Lakini chumbani mle Mwingereza alikuwa peke yake. Nilimwona Bi Zuwena akizimika usoni. Nasra aligeuka akamtazama mama yake, na sikupenda alivyomtazama.

Nilisema hapo hapo, kwa Kiswahili. "Bi Zuwena, anatania huyu. Supu haiotishi mfupa."

"Daktari hamtanii mwenye maumivu," alinijibu.

Kwetu sote ndivyo. Tabibu anaweza kuwa mkali, anaweza kuwa bahili wa maneno, lakini akiulizwa chanzo cha ugonjwa akakitaja, amekitaja. Bwana Patasi alikwisha kuanza kueleza habari za kukata mara ya pili. Nasra alisema hataki, akachukua koti lake, akatoka mbele bila kumngoja mama. Walikuja pamoja kwa treni, wakarudi mbalimbali.

Tangu siku ile binti hakula tena kutoka mkononi mwa mama yake. Sisemi aligomba, laiti angegomba. Alikuwa anakuja na chakula chake cha dukani, anakipasha moto, anakula kwenye meza ile ile. Mwisho akahama kabisa. Na Bi Zuwena hakumlaumu. Alinijia hospitalini siku moja baada ya zamu yake, akiwa bado na sare ya kazi, akauliza kama ipo dawa ya kuyeyusha mfupa ulioota. Kisha akaniomba nimpige picha na yeye, maana wakati wa kupika alikuwa anaonja, na alitaka kuona kama taya lake nalo limekua.

Eksirei haipigwi kwa kumtuliza mtu, na nilimwambia hivyo. Nilimshika mataya kwa viganja, kama Kantibhai alivyonishika mimi, nikamwambia ni yale yale aliyozaliwa nayo. Alicheka kidogo akasema basi mimi nimekuwa na bahati. Alipotoka nilifunga mlango nikalia kwa hasira, na hasira haikuwa juu yake.

Baada ya hapo ndipo nilipousikia ukweli, na niliusikia kwa aliyekuwa nao. Bwana Patasi alikuwa na desturi ya kuwakusanya madaktari wanafunzi na kuwafunza kwa picha, nasi watu wa eksirei tukikaa nyuma kubadilisha picha. Siku hiyo alitundika taya, jina limezibwa, ila mimi ningelijua hata gizani. Aliwaambia kwamba kwa mtu mzima kinachorudi ni kidogo sana, mfupa unalainisha kingo zake tu. Kwa kijana ambaye hajamaliza kukua mambo ni mengine. Utando ule ukirudishwa mzima unajenga upya kama ulivyozoea, na msuli wa kutafunia ukiwa na nguvu unauvuta mfupa huko huko. Akasema, kwa sauti ya mtu mkweli, kwamba huyu alistahili kungojewa, na kwamba yeye aliharakisha.

Supu hakuitaja. Hakukuwa na sababu ya kuitaja, maana haikuhusika.

Nilimfuata kwenye ukumbi wa nje. Nilimwambia kwamba mama wa mgonjwa yule anaamini supu yake ndiyo iliyomharibu mtoto, kwa sababu yeye alisema hivyo, na kwamba hataamini mdomo mwingine ila wake. Nilimwomba ampigie simu. Jambo la dakika moja.

Alikunja uso akijaribu kukumbuka kweli. "Supu gani?" aliuliza.

Nimefanya kazi na madaktari walevi, na wenye kiburi, na mmoja aliyenirushia kasha la filamu ya eksirei. Hakuna aliyeniuma kama yule bwana mstaarabu na swali lake. Neno lililomvunja mwanamke yeye lilikuwa limekwisha kumtoka akilini kabla hajafika kwenye gari lake. Aliahidi kupiga simu. Nilimkumbusha, akaahidi tena. Kisha akastaafu akaagwa kwa keki, nami nilikuwepo, na keki sikuila.

Kwa Bi Zuwena nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza utando, msuli, umri, kila nilichosikia. Alinisikiliza kwa heshima, akanimiminia chai, akasema Mungu anilipe kwa kutaka kumfariji. Kwa Nasra nilikwenda pia, ofisini kwake. Alisikiliza, akasema sawa, asante, Anti, kwa Kiingereza, akarudi kazini. Nikasema nimefikisha. Nikadhani ukweli ukishafika kwa mwenye kuhusika utafanya kazi yake wenyewe. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Miaka imepita. Filamu zimekwisha, chumba cha giza kimekuwa stoo ya viti, picha sasa zinatoka kwenye kioo kabla mgonjwa hajatema kijiti. Nami nimetoka. Juma la kwanza la kustaafu nilikwenda kumtazama Bi Zuwena katika nyumba ya wazee anakotunzwa, maana kumbukumbu zinamtoka. Kiingereza kimemtoka chote kwanza, amebaki na Kiswahili cha utotoni. Nasra nilimkuta kwenye ukumbi, mtu mzima sasa mwenye mvi, taya lake limekwenda upande kidogo, na kama hujui huwezi kuliona. Tulikaa. Nikamwuliza lile nililokuwa nimelibeba miaka yote: siku ile ofisini, aliniamini?

"Nilijua kabla hujaja, Anti," alisema. "Nilisoma mwenyewe. Nilijua tangu mwaka ule ule."

Nikamwuliza kwa nini basi.

Alisema ni yeye mwenyewe aliyemchagua yule daktari, na mama alimkataza mbele za watu. Kama si supu, basi ni yeye. Alikuwa na miaka ishirini, hakuweza kulibeba hilo, na mama alikuwa hodari wa kubeba. Alisema alikuwa anangoja siku atakayoona nguvu ya kumwambia, na siku hiyo ilipofika, mama hakumjua tena yeye ni nani.

Sikumfariji. Huenda nyinyi mngemfariji, ni vijana na moyo wenu bado mpana. Mimi nilinyanyuka tukaingia ndani.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, safi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mimi alinidhania ni mtu wa Malindi, mtaa wa kwao Unguja. Nasra alipiga magoti mbele yake na kumshika mikono. Kiswahili chake kinakwaruza, kwa kuwa ameanza kukisema ukubwani, lakini kinaeleweka. Mama alimtazama usoni kwa upole, kama anavyotazamwa mtumishi mwema, akamwuliza kama ana mama.

"Ninaye," alisema Nasra.

"Anakupikia?"

"Alikuwa akinipikia. Supu yake haikuwa na ubaya wowote, Mama. Haikuwa supu. Mfupa ulirudi wenyewe."

Kumbe katika yote yaliyomtoka, hilo halikumtoka. Bi Zuwena alitikisa kichwa polepole, akampapasa mkono kama mtu anayemsamehe mtoto wa jirani kwa kuzungumza asilolijua.

"Daktari mwenyewe ndiye aliyesema," alimwambia. "Wewe hukuwapo."